Nyumba ya Majani, Nyumba ya Ndege

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu leo haina miguu ya kufika mlangoni. Wewe mkubwa, tia hiyo simu mfukoni, na usiniambie ni ya kazi. Hata mimi niko kazini, kufa nako ni kazi, tena sijawahi kuifanya. Wewe wa katikati, kaa kitini vizuri, usikae kama mtu anayesubiri basi. Na wewe kitindamimba wangu, kanawe kwanza, una rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi. Au basi, usinawe. Kaa nayo, nataka kuiona. Fungueni dirisha la barabarani, lote, mbawa zote mbili. Mwanga wa asubuhi kama huu ni wa kufanyia kazi, ni dhambi kuuacha nje.

Siku hizi nalala na kuamka humu ndani bila kujua mpaka wa ndoto uko wapi. Hiyo dari nyinyi mnaiona ina madoa ya unyevu, mimi nayaona yakichipua. Jana jani moja lilitokea pale kwenye kona, likakunjuka polepole kama mtu anayefungua kiganja, likafuatwa na jingine na jingine, mpaka kitanda hiki kikawa ndani ya kichaka na mimi nimelala chini yake, mdogo, mbichi, kama tone la maji. Sikuogopa. Nilichowaza ni kimoja tu: nani kachora hivi, mbona mishipa ya jani imekwenda upande? Kwa hiyo mjue mama yenu akili anazo. Zinatoka nje kidogo kutembea, kisha zinarudi.

Nimewaita kwa sababu ya ile mifuko nyuma ya mlango. Ndiyo, Meneja, nimeiona. Mtaa mzima unakuita Meneja na jina umelistahili, kwa kuwa mtu mwingine angengoja mama akate roho ndipo akanunue mifuko. Sikukasirikii. Najua ulichopanga: karatasi za majani zigawanywe mafungu matatu sawasawa, kila mtoto achukue lake, haki bin haki, asinung'unike mtu. Nilikusikia ukimwambia mkeo, "Mama akiondoka sitaki maneno." Na fungu lako umeshamwahidi yule bwana wa kiwanda cha sinia za plastiki, apige chapa majani ya babu yangu kwa mashine, sinia elfu zinazofanana kama mayai. Usinikatize. Nimesema ahadi, sikusema wizi. Utaongea nikimaliza, na nikimaliza sitakuwepo kukujibu, kwa hiyo utashinda. Vumilia basi, ushindi wako uko njiani.

Mkwe wangu, wewe uliyesimama karibu na kabati, hujawahi kuvuka kizingiti cha karakana kwa kuogopa rangi isikuharibie gauni, basi nikueleze kinachogombewa. Seremala hutuletea sanduku la mbao tupu, limepigwa msasa hadi linateleza, sanduku la watu kuwekea nguo zao nzuri na siri zao. Sisi hatuchori juu yake kwa kukisia. Tuna karatasi zilizotobolewa kwa sindano kufuata mchoro, tundu kwa tundu, ukingo wote wa jani na kila mshipa wake. Tunailaza karatasi juu ya mbao, tunaigongagonga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa makaa, na unga unapenya. Ukiinua karatasi, pale chini limelala jani la nukta nyeusi, jepesi hivyo kwamba ukipiga chafya linahama. Ndipo brashi inapokuja kuliambia likae. Karatasi zile alizitoboa babu yangu, mchana baada ya mchana, kwa sindano aliyomnyang'anya bibi, na mpaka leo zikigongwa zinazaa. Tawi linaanzia ubavu wa kushoto, linapanda, linapita juu ya mfuniko, linashuka upande wa pili. Karatasi moja inaishia pale nyingine inapoanzia. Hilo likumbuke, mkwe wangu, mumeo amelisahau.

Na hayo ni majani tu. Zamani palikuwa na ndege.

Babu alikuwa na wana wawili. Baba yangu alichora majani, baba yangu mdogo alichora ndege, na sanduku lilihama meza hii kwenda ile kama sahani ya chakula kati ya ndugu. Siku moja akaja mteja, mwanamke wa miwani, akalizunguka sanduku, akasema, "Jamani, hawa ndege wanataka kuruka!" Akachukua sanduku lake, akaenda zake. Basi. Hakusema neno juu ya majani. Baba yangu hakula chakula cha mchana. Na baba mdogo, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye busara, akaanza kupiga miluzi. Alipiga miluzi siku nzima, wanangu, miluzi ya ndege wa kila aina, na baba naye akawa anachora majani makubwa zaidi na zaidi, hadi yakaanza kufunika mikia. Baba mdogo akasema, "Kaka, unamla ndege wangu." Baba akajibu, "Bila mimi huyo si ndege, ni kuku aliyetupwa hewani." Kuku! Brashi zikaruka. Mtungi wa rangi nyekundu ukampata babu kwenye shati jeupe, na wanawake jikoni wakapiga kelele wakidhani ni damu.

Babu akachoka. Akazitoa karatasi zote, akazitenga sakafuni: majani kwa huyu, ndege kwa yule, na akapiga marufuku mmoja kuchora cha mwenzake. Mtu mwenye hekima kama yeye, aliona amepata dawa. Alidhani watakaa kidogo, mmoja aone tawi lake halina kiumbe, mwingine aone kiumbe wake hana pa kutua, watafuatana wenyewe kabla ya jioni. Alisahau kwamba kichwa walichokuwa nacho wanawe kilikuwa ni chake. Baba mdogo akafunga karatasi zake za ndege kwenye shuka, akavuka barabara na mkewe na binti yake, akapanga chumba kinachotazamana na hiki. Mlango kwa mlango. Babu alizikwa wakiwa bado wanasubiriana.

Yule binti mnamjua. Mtaa unamwita Mama Ndege, kama unavyoniita mimi Mama Majani. Nyinyi mmekua mkifundishwa kupita upande wa pili mkimwona, na mmefundishwa vizuri. Lakini mimi na yule, mkubwa wangu kwa umri, tulikuwa tukilala chini ya meza moja wakati baba zetu wakigonga vifuko juu yetu, na ule unga mweusi ukitunyeshea taratibu kwenye kope, kwenye nywele, tukiamka tunachekana, kila mmoja na masharubu. Ile harufu ya vanishi. Na mwanga ukiingia kwa pembeni, chembe za makaa zikielea ndani yake, haziteremki wala hazipandi... Nilikuwa nasema nini?

Ndiyo. Siku moja nikaambiwa usivuke. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa wewe ni mtoto. Nikakua, nikauliza tena, nikaambiwa wewe ni mwanamke. Nilikuwa nangoja tu niambiwe wewe ni maiti, na naona siku yenyewe imekaribia. Sasa nauliza mbele yenu wote, na anijibu mwenye jibu: ugomvi wa wanaume wawili, juu ya sifa iliyotoka kinywani mwa mteja mmoja, ulikuwa unatuhusu nini sisi? Tulikuwepo? Tuliulizwa? Tulivishwa ule ugomvi kama gauni kuukuu la dada, unabana kwapa, unafika katikati ya magoti, na tukaambiwa tushukuru umetutosha. Na nani waliobaki wakichora nyumba zote mbili? Wanawake. Kwenye bango la baba paliandikwa jina lake na chini yake "na Wanawe", na baba hakuwa na mtoto mwingine ila mimi. Nilimuuliza, "Baba, hao wanao wako wapi, niwapikie?" Akasema ndivyo mabango yanavyoandikwa.

Ng'ambo wakauza masanduku ya ndege wanaoning'inia patupu. Sisi tukauza kichaka. Mteja mmoja aliniambia, "Mama, sanduku lako zuri, ila naogopa kulifungua, nahisi ndani mna nyoka."

Baba alipofariki brashi ikabaki mkononi mwangu, na mkono ukakataa kujaza. Kila sanduku nililochora, mahali fulani kati ya tawi na tawi, niliacha nafasi wazi, upana wa kiganja cha mtoto. Sikujipangia. Nafika pale, brashi inasimama yenyewe, kama mtu aliyekuta mwenzake amelala njiani akaogopa kumkanyaga. Wateja wakaizoea, wakaiita dirisha. Alikuja msomi mmoja na kamera, akaandika kwamba nafasi ile ni upweke wa mwanamke. Upweke! Mimi nina watoto watatu, na sijawahi kuingia chooni bila mtu kubisha hodi. Hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia sijui, na lingekuwa jibu la kweli.

Nilikuja kujua mwaka jana, kwa kosa la seremala. Seremala ni mtu pekee aliyekuwa akiingia nyumba zote mbili, ndiye redio yetu, na kama redio yoyote anachanganya vituo. Alikuwa ametengeneza bawaba ya mfuniko wa Mama Ndege, akauacha mezani kwangu badala ya kuupeleka kwa mwenyewe. Kitindamimba alikuwa ametoka. Nikaufunua ule mfuniko. Ndege mmoja tu, wa samawati, kifua cha manjano. Nikamtazama, nikasema moyoni anajua kazi, mtoto wa baba mdogo. Kisha nikatazama miguu.

Wanangu, ndege akiwa hewani hukusanya miguu tumboni. Huyu alikuwa amekunja vidole. Alikuwa amekamata kitu, amekikamata kweli, kidole cha nyuma kimekaza, na chini yake hapakuwa na kitu, mbao tupu. Nikachukua karatasi yangu, ile ya tawi la juu. Nikailaza pale. Nikagonga, unga haudhuru vanishi, ukifutwa unafutika. Nikainua. Tawi lilipita chini ya vile vidole sawasawa kama pete kwenye kidole cha mwenyewe, na pale nilipozoea kuacha nafasi ndipo aliposimama. Hakuna jani hata moja lililomgusa mkia. Tangu tunaitwa wasichana mpaka tunaitwa bibi, mimi huku naacha pa kukaa, yeye kule anakalisha, barabara katikati, na pikipiki zinapita.

Niliketi sakafuni. Sikufuta. Nilimwita seremala nikamwambia aurudishe kama ulivyo, na nukta zake. Jioni redio ikarudi na habari. Mama Ndege aliushika mfuniko kwa muda mrefu, mkono wake sasa unatetemeka, unajua, akakataa usifutwe. Akasema, "Mwambie asante." Halafu akasema, "Au usimwambie kitu." Seremala, kwa jinsi alivyo, akaniambia yote mawili. Nikapanga nivuke wiki ile ile. Ndiyo wiki miguu hii ilipogoma kushuka kitandani.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Sasa Meneja, tuje kwenye hoja yako, sitaki useme nimekuzidi kwa uzee. Unasema sawa kwa sawa ndiyo haki. Nakubali neno, nakataa kipimo. Tawi la kushoto likiwa kwako, la juu kwa huyu wa katikati, la kulia kwa mdogo wenu, nani kati yenu ana tawi? Utasema mdogo ataomba kwenu akihitaji. Babu naye alisema hivyo hivyo, wataombana, na mmekwishasikia waliombana vipi. Utasema kiwanda kitayafikisha majani yetu kila nyumba. Yatafika, bila nafasi. Mashine haiachi nafasi, mwanangu, mashine ikiona patupu inadhani wino umekwisha. Wewe wa katikati unataka la kwako uliweke kwenye fremu sebuleni. Nakuelewa, ni upendo huo, ila karatasi yenye vitobo nyuma ya kioo ni wavu tu, haivui kitu. Na kitindamimba, anayeamka kila siku kunisagia rangi, ambaye mikono yake ndiyo imekuwa mikono yangu tangu miguu ilipogoma, hajasema anataka nini. Hamjamuuliza. Naona hamjambo, mmerithi kitu kutoka kwa baba yangu.

Unalia, Meneja? Njoo hapa. Najua hoja uliyoificha nyuma ya zile zote, unataka kusema, "Na mimi je, si mtoto wako?" Hiyo ndiyo hoja ya kweli, na ndiyo pekee uliyokuwa ukiona haya kuitoa. Jibu lake ni mkono huu. Ushike. Ushike tu, si lazima uvunje vidole.

Sikilizeni basi ninavyousia, na mkwe wangu awe shahidi.

Nyumba hii gawaneni. Vyumba vina kuta, vinajua kugawanyika. Shamba dogo la nyuma, Meneja, ni lako, na kile kiti cha baba kikubwa pia, kinakufaa. Wewe wa katikati, chukua masanduku yangu mawili yaliyochorwa, uyaweke sebuleni ukipenda, ila yatumieni, watoto wafungue wafunge, sanduku lisilofunguliwa huvunda. Karatasi za majani hazigawanywi, haziuzwi, hazitiwi kwenye mfuko. Zote ni za kitindamimba, na yeye mwenyewe atavuka nazo. Mama Ndege hana mtoto. Mkono wake ukikataa kabisa, ndege wote wale watabaki kwenye shuka bila mtu wa kuwagonga, na hilo silikubali, nalikataa hata nikiwa mfu. Mwanangu, nenda ukawe binti yake. Mpe majani, akupe ndege, chora mbele yake akiona. Kama hataki, kaa mlangoni pake. Na akikutukana sikiliza matusi vizuri, yatakuwa ya baba yake, mwenyewe hana hata moja.

Meneja, wewe ndiye utakayelibeba kasha la karatasi, mchana, kichwani, mtaa mzima ukiona. Usitume mtu. Na ukitoka huko ulishushe bango. Uandike jipya, na chini ya majina, sitaki niambiwe ndivyo mabango yanavyoandikwa, andika wanaochora. Yule bwana wa kiwanda mwambie mama amekataa. Mwambie hivyo hivyo, "amekataa," usiseme "alikuwa mgonjwa."

Wewe wa katikati, hilo basi lako limefika. Inuka. Vuka barabara, ubishe hodi kwa adabu, useme, "Mama mkubwa, mdogo wako anakuita." Usiongeze. Usiseme anaumwa, asije kwa huruma. Nenda.

...

Ameondoka? Dari imejaa tena. Kijani cha aina zote, hata kile ambacho sijawahi kukipata, chenye manjano kwa ndani kama kuna taa nyuma yake. Kitindamimba, kumbuka, kijani kisitoke kwenye mkebe. Kichanganye mwenyewe. Kila siku kitakuwa tofauti, usikifukuzie cha jana.

Njooni mniguse. Nawatakia mikono isiyokauka. Nawatakia mgombane, ndiyo, mgombane kwa sauti, na mmalize siku hiyo hiyo mkiwa hai, mkishaona haya. Watoto wenu wasirithi hasira ambayo hawakuipika. Mungu awape macho ya kuona mahali mwenzenu alipowawekea nafasi, hata kama hajasema. Sina laana kwa yeyote, mzigo nimeutua wote. Meneja, radhi unayo. Mdogo, radhi unayo. Yule aliyevuka mpeni ya kwake akirudi, maana sijui kama...

Nyamazeni kidogo.

Mlango wa ng'ambo umelia. Ule hulia mara moja ukifunguliwa, mara mbili ukifungwa, naujua kuliko wangu. Umefungwa. Pikipiki... subiri, wapishe pikipiki. Sasa. Ndala. Mtu anayevuta mguu mmoja. Meneja, futa uso, mgeni asikukute hivyo. Mkwe, sogeza kile kiti... hapana, kiti cha nini. Hapa, kitandani, upande wangu wa kulia.

Karibu. Usivue viatu, pita tu, pita.

Mpisheni akae.

Masharubu yako, dada, mbona meupe?